Jinsi ya kuuondoa mfumo wa zamani wa biashara na data zake bila kuacha mabaki

Karibu kila ofisi niliyowahi kuingia kufanya kazi ya mifumo, kuna kompyuta moja imesukumwa pembeni, vumbi limejaa, feni inavuma, juu yake imebandikwa karatasi imeandikwa USIZIME. Ukiuliza ni ya nini unaambiwa huo ndo ule mfumo wa zamani wa mauzo, tulihama miaka sita iliyopita ila tumeuacha ili tuwe tunaangalia vitu vya nyuma. Ukiuliza nani aliangalia mara ya mwisho, watu wanatazamana. Paswedi kubwa anayo mtu aliyeshaacha kazi.

Ndani ya hiyo kompyuta kuna majina ya wateja wote, namba zao za simu, namba za vitambulisho, mishahara ya watu, akaunti za benki, yaani vitu vyote ambavyo kwenye mfumo mpya mmevilinda kwa gharama, huku vimekaa wazi kwenye programu ambayo haijapata apdeti toka siku mlipohama. Hicho ndo kinaniuma. Mteja alikupa taarifa zake kwa kukuamini, na wewe kununua mfumo mwingine hakukuondolea huo mzigo.

Na hatari yake sio ya kufikirika. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuuziba toka Machi kwa matoleo waliyokuwa bado wanayahudumia, lakini Windows XP na Windows Server 2003 zilikuwa zimeshaachwa, kiraka chao cha watu wote kikaja baada ya moto kuwaka. Sasa jiulize mfumo wako wa zamani umekaa juu ya Windows gani.

Tatizo kubwa la hii kazi sio ufundi, ni woga. Watu hawafuti kwa sababu hawajui kilichomo na hawajui nani anautegemea. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini ni za kuondoa woga kwanza, kufuta kwenyewe kunakuja mwishoni kabisa. Ukiruka zile za mwanzo utafuta kitu cha watu, na ukiishia katikati utabaki na mfumo uliozimwa ila data bado ipo, ambayo ni mbaya vilevile maana sasa hata wa kuuangalia hayupo.

Hatua ya 1: Mtafutie mfumo mwenyewe

Kabla ya kugusa kitu, apatikane mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "futa" na akasaini. Asiwe mtu wa IT. Mtu wa IT anajua kuzima mashine lakini hajui kama ile ripoti ya mwaka juzi bado inahitajika na wakaguzi, anayejua hilo ni mkuu wa idara iliyokuwa inautumia. Kama idara ilishavunjwa, panda juu mpaka umpate anayebeba lawama ikitokea shida, huyo ndo mwenyewe.

Halafu andika orodha ya vipande vyote vya huo mfumo. Watu wanafikiri mfumo ni seva moja, sio kweli. Kuna seva ya programu, kuna seva ya databesi, kuna folda ya viambatisho (mikataba iliyoskaniwa, picha za vitambulisho, risiti), kuna seva ya majaribio ambayo mtu aliinakilia data halisi za wateja ili ajaribie kitu kisha akaisahau, kuna mahali bakapu zinapokwenda, kuna kompyuta za watumiaji zilizowekewa programu ndogo ya kuunganisha, kuna jina la mtandaoni, kuna leseni.

Njia nzuri ya kupata vitu vilivyosahaulika ni kuanzia kwa mhasibu. Omba malipo yote ya kila mwezi na kila mwaka ya programu, seva za kukodi, majina ya mtandaoni na huduma za klaudi. Mashine inaweza kusahaulika na mafundi lakini invoisi yake mara nyingi bado inalipwa, na nimeshakuta mambo mengi kwenye orodha ya malipo kuliko kwenye michoro ya mtandao.

Hatua ya 2: Jua nani bado anautegemea

Waulize watu, ndiyo, lakini usiishie hapo. Mtu atakuambia "sisi hatuutumii tena" akiwa anasema ukweli kabisa kwa jinsi anavyojua, kumbe faili analopokea kila Jumatatu kwenye barua pepe linatoka huko huko.

Kwa hiyo fungua logi. Angalia nani ameingia miezi kumi na miwili iliyopita, akaunti ipi, saa ngapi, alifungua nini. Kisha angalia mashine zinazounganika na hiyo seva, na hapa usiangalie siku moja, acha irekodi mwezi mzima ili upite mwisho wa mwezi maana kazi za kufunga hesabu zinaamka siku hizo tu.

Kuna sehemu moja tulifanya hivi tukakuta kila siku saa nane usiku kuna skripti (programu ndogo ya kujiendesha) inaamka, inachukua orodha ya bei kutoka mfumo wa zamani inaipeleka kwenye mfumo mpya. Hakuna aliyejua. Aliyeiandika alifanya hivyo kwa muda wakati wa kuhama, akaondoka, ikabaki. Na ubaya wake ni kwamba tungezima bila kujua, mfumo mpya usingepiga kelele yoyote, ungeendelea tu kuuza kwa bei ya jana, na kesho yake, na wiki ijayo. Kitu kinachovunjika kwa kelele una bahati nacho, kinachovunjika kimya ndo cha kutafuta kwa tochi.

Kila uliyempata, awe mtu au mashine, muandike na umpangie anahamia wapi. Usisonge mbele mpaka kila mstari una jibu.

Hatua ya 3: Amua kipi kinabaki na kipi kinakufa

Hapa ndo watu wanakwama kwa sababu jibu rahisi ni "tuweke vyote". Hapana. Kila rekodi unayoitunza bila sababu ni rekodi inayoweza kuibiwa.

Gawa data kwenye mafungu matatu. La kwanza ni zile ambazo sheria inakulazimisha kuzitunza kwa miaka fulani, mfano hesabu, kodi, mishahara, mikataba ya kazi. Miaka inatofautiana nchi kwa nchi na aina kwa aina, kaa na mwanasheria na mhasibu mwandike namba mbele ya kila aina, usikisie na usichukue namba ya jirani. La pili ni zile ambazo biashara inazihitaji kweli, na "kweli" maana yake mtu ataje swali analojibu kwa hizo data na mara ya mwisho alilijibu lini. La tatu ni zilizobaki zote. Hizo zinakwenda.

Vitu viwili vya kuangalia kwa makini. Kama kuna kesi mahakamani, au uchunguzi, au hata dalili ya kesi, data inayohusika haiguswi hata kama muda wake umeisha, kuifuta wakati huo kunaweza kuonekana unaharibu ushahidi. Muulize mwanasheria kwa maandishi na ajibu kwa maandishi. Cha pili ni kinyume chake, kuna data ambazo hazikutakiwa kuwepo hata siku moja. Mfano zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi ya benki, kanuni za usalama wa malipo ya kadi za PCI DSS zinamkataza mfanyabiashara kuzitunza baada ya muamala kuidhinishwa, lakini mifumo ya zamani mingi ilikuwa inazihifadhi, tena kwenye sehemu ya maelezo ambako karani aliziandika kwa mkono. Ukizikuta usizihamishe kwenda popote.

Na kama mlishapokea maombi ya wateja ya kufutiwa taarifa zao, sheria ya GDPR ya Umoja wa Ulaya inayotumika toka 2018 inawapa haki hiyo kwenye kifungu cha 17 na nchi nyingine nyingi zina kifungu cha namna hiyo, hakikisha mlichofuta kwenye mfumo mpya hakijabaki kwenye wa zamani. Mara nyingi kimebaki.

Hatua ya 4: Toa data inayobaki, kisha ithibitishe

Hii ndo hatua ninayoiheshimu kuliko zote, ukikosea hapa hakuna kurudi.

Lengo ni data isomeke bila programu ya zamani. Watu wanachukua bakapu ya databesi wanaiweka kabatini wanasema tumehifadhi, baada ya miaka mitano wanakuta hakuna programu ya kuifungua, au leseni yake haipatikani, au toleo jipya halisomi la zamani. Hata tepu za bakapu zina ugonjwa huo, LTO ni aina moja ya tepu hizo na namba yake ni kizazi, mashine ya LTO-8 inasoma tepu za LTO-8 na LTO-7 tu, ukiwa na LTO-6 inakutazama tu. Majedwali yatoe kwa CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) yenye herufi za UTF-8 (mpangilio wa herufi unaosomeka karibu kila mahali), nyaraka zitoe kwa PDF/A ambayo ni aina ya PDF iliyotengenezwa maalumu kwa kutunza muda mrefu, na tarehe zote ziandike mwaka kwanza, mwezi, siku, la sivyo mwaka 2030 mtu atabishana kama 03/04 ni Machi au Aprili.

Usipitishe data kwenye Excel halafu ukaisevu. Nasema kwa uchungu maana nimeona namba za akaunti zikiharibika hivi: Excel ikiona namba inaanza na sifuri inaitupa hiyo sifuri, na inashika tarakimu 15 tu, kwa hiyo namba ya tarakimu 16 inageuzwa ya mwisho kuwa sifuri. Jedwali likizidi mistari 1,048,576 kinachozidi hakionekani. Ukitaka kuangalia angalia, lakini faili la kutunza litoke moja kwa moja kwenye databesi.

Kitu kingine kinachosahaulika ni majedwali madogo ya maana. Kwenye jedwali kubwa la oda unakuta hali ya oda ni 3, au 7, au 12. Tatu ni nini? Maana yake ipo kwenye jedwali dogo lenye mistari kumi na tano ambalo hakuna aliyeona umuhimu wa kulitoa, au mbaya zaidi maana ipo ndani ya programu yenyewe wala haipo kwenye databesi, inabidi ufungue skrini usome uandike. Niliwahi kukaa na wenzangu siku mbili tukikisia namba 7 ni "imerudishwa" au "imefutwa", na seva ilishasagwa. Kwa hiyo pamoja na data andika karatasi ya maelezo: kila jedwali ni la nini, kila kolamu ni nini, kila namba ya hali kama ile 3 au 7 ina maana gani, fedha ni ya nchi gani, kodi ya mauzo imejumlishwa au bado. Piga na picha za skrini kuu za mfumo, zinasaidia sana mtu ambaye hakuwahi kuutumia.

Halafu uthibitishe. Hesabu mistari kwenye jedwali la asili na kwenye faili, lazima zilingane. Jumlisha kiasi cha fedha cha kila mwaka pande zote mbili, lazima vilingane mpaka senti. Chukua rekodi thelathini bila kuchagua, ikiwemo ya zamani kuliko zote na ile yenye jina lenye herufi za ajabu, zilinganishe kwa macho. Fungua viambatisho, usiangalie tu kwamba faili lipo. Piga alama ya SHA-256 kwa kila faili (namba ndefu ambayo kompyuta inaitoa kwenye yaliyomo, faili likibadilika nayo inabadilika) na uitunze kando, ili siku za mbele mtu aweze kuthibitisha halijaguswa. Mwisho muite yule mwenye mfumo wa hatua ya kwanza, mpe maswali matatu ya kweli ambayo wakaguzi huwa wanauliza, ajibu akitumia arkaivu pekee, yaani hayo mafaili uliyotoa, bila mfumo. Akishindwa bado hujamaliza.

Arkaivu yenyewe iwe imesimbwa (data imegeuzwa isisomeke bila ufunguo wake), iwe na watu wachache wa kuifungua, na kila anayeifungua arekodiwe.

Hatua ya 5: Zima bila kufuta, kisha subiri

Kwanza ufanye mfumo uwe wa kusoma tu, mtu asiweze kuandika kitu kipya. Kaa hivyo wiki mbili tatu uone nani analalamika.

Kisha uchomoe kwenye mtandao. Usiufute, chomoa tu waya au zima kadi ya mtandao, mashine iendelee kuwepo ili mtu akipiga kelele uirudishe kwa dakika tano. Kabla ya hapo watangazie watu wote tarehe na saa, na namba ya kupiga simu. Subiri mpaka mwisho wa mwezi upite, mwisho wa robo upite, na kama mfumo ulikuwa wa hesabu subiri mpaka mwaka wa fedha ufungwe. Mabosi wengi hawapendi kusubiri hivi, wanaona mradi umechelewa, lakini kuna ripoti zinazotokea mara moja tu kwa mwaka na hizo hazionekani kwenye logi ya mwezi mmoja.

Ila subira iwe na mwisho. Andika tarehe ya kufuta tangu siku unapozima, na mwenye mfumo asaini. Bila hiyo tarehe seva iliyozimwa inageuka fenicha.

Hatua ya 6: Ng'oa mizizi

Mfumo ukitulia unaanza kutoa vitu vilivyouzunguka, na hapa usiwe na haraka kwa sababu mizizi hii ndo inayoleta majanga baadaye.

Akaunti kwanza. Zile za watu, na hasa zile za mashine ambazo hazina mtu. Kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilivamiwa 2021 kupitia akaunti ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) ambayo haikuwa inatumika tena lakini ilikuwa bado hai, bila ulinzi wa hatua mbili, bomba la mafuta likasimama siku kadhaa na wakalipa wadukuzi dola milioni 4.4 hivi. Akaunti moja tu iliyosahaulika.

Kisha funguo za API (mlango ambao programu zinaongelea zenyewe kwa zenyewe) zilizopewa mifumo mingine, futa pande zote mbili. Kazi zilizopangwa kujiendesha kwenye seva nyingine zinazouita mfumo huu. Sheria za fayawoli zilizofunguliwa kwa ajili yake, maana ile anwani ya IP kesho itapewa mashine nyingine nayo itarithi milango yote iliyo wazi. Vyeti vya usalama vya tovuti. Na rekodi za DNS, zile zinazoelekeza jina lako la mtandaoni kwenye seva, hizi zifute kabla hujaachia huduma ya klaudi zilikoelekea na sio baada, kwa sababu ukiachia huduma huku jina lako bado linaelekea pale, mtu mwingine anaweza kuichukua ile sehemu na kuweka tovuti yake chini ya jina la kampuni yako, wateja wakaingiza paswedi humo wakijua ni nyie.

Kama mfumo wa zamani una vipande vyake ndani ya kodi (maandishi ya programu) ya mfumo mpya, vitoe pia. Knight Capital ilikuwa kampuni kubwa ya kuuza na kununua hisa huko Marekani, kwenye seva zake kulikuwa na kipande cha programu walichoacha kukitumia toka 2003 ila hawakukifuta. Tarehe 1 Agosti 2012 waliweka programu mpya kwenye seva nane, moja ikasahaulika, alama iliyokuwa inawasha kile kipande cha zamani ilikuwa imepewa kazi mpya, kwa hiyo kwenye ile seva moja kikaamka kikaanza kutuma oda. Dakika 45, hasara zaidi ya dola milioni 460. Kodi ambayo haikutumika miaka tisa.

Vunja na mikataba ya leseni na matengenezo, kwa maandishi, na angalia kama ina kifungu cha kujihuisha yenyewe.

Hatua ya 7: Futa

Sasa tumefika. Elewa kwanza kwamba kubonyeza kufuta hakufuti. Ukifuta faili, kompyuta inaondoa jina lake kwenye orodha na kuandika kwamba nafasi ile iko huru, yaliyomo yanabaki mpaka yaandikiwe juu. Databesi nazo ukipiga amri ya DELETE nyingi zinaweka alama tu kwamba mstari umekufa. Kufomati haraka ni hivyo hivyo. Programu za kurudisha mafaili, hata za bure, zinaweza kusoma mengi ya hayo.

Mwongozo unaotumika sana duniani ni ule wa NIST 800-88 wa taasisi ya viwango ya Marekani, toleo lake la 2014 linaeleza ngazi tatu. Ya kwanza ni kusafisha, unaandika juu ya diski nzima kwa amri za kawaida, inatosha kama diski inabaki ndani ya ofisi kwa kazi nyingine. Ya pili ni kutakasa, unatumia njia ambayo hata maabara haiwezi kurudisha, hii ni kwa diski inayotoka nje. Ya tatu ni kuharibu, kusaga, kuyeyusha au kuchoma. Chagua kwa uzito wa data na mahali diski inapokwenda, sio kwa uzee wa diski.

Diski zinazozunguka, zile za HDD, kuandika sifuri juu yake mara moja mwanzo mpaka mwisho kunatosha kwa nyingi za kisasa, ile imani ya mara saba au mara 35 ilitoka enzi za teknolojia nyingine na inakupotezea siku nzima. Lakini ukimaliza soma diski, hakikisha ni sifuri kweli.

SSD, diski zisizozunguka zinazotunza data kwenye chipu, ni habari tofauti na hapa watu wengi wanakosea. SSD inahamisha data yenyewe ndani kwa ndani ili isichakae upande mmoja, kwa hiyo ukiandika juu kuna vyumba ambavyo huvifikii na data ya zamani imekaa humo. Tumia amri ya kujifuta iliyojengwa ndani ya diski na mtengenezaji, au kama diski ilikuwa imesimbwa toka mwanzo futa ufunguo, bila ufunguo iliyobaki ni uchafu usiosomeka. Zile mashine za kufuta diski kwa sumaku hazifanyi kitu kwa SSD, kwa sababu SSD haitunzi data kwa sumaku. Ukisaga, vipande viwe vidogo sana maana chipu moja iliyobaki nzima ina data za kutosha.

Kisha nakala, na hapa ndo kazi inaposhinda watu. Bakapu za kila siku, za kila mwezi, za mwaka. Tepu zilizoko kwenye ghala la nje. Nakala ya pili kwenye kituo kingine. Picha za seva pepe, yaani nakala kamili za seva jinsi ilivyokuwa, ambazo fundi alizipiga kabla ya kila apdeti. Seva ya majaribio. Mafaili ya Excel ambayo watu walijitolea wakati wa kuhama, yamekaa kwenye laptopu zao na kwenye barua pepe. Kama data ya mfumo imechanganywa na ya mifumo mingine kwenye tepu moja na huwezi kuitoa peke yake, andika tarehe ambayo tepu hiyo itazunguka na kufutwa, na weka kizuizi kwamba mtu akirejesha tepu hiyo kabla ya hapo sehemu ya mfumo huu isirejeshwe.

Usisahau mashine za fotokopi. Nyingi za ofisi zina diski ndani na zinatunza walichokopi watu. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Affinity huko Marekani ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa sababu ilirudisha mashine za kukodi bila kufuta diski, zikakutwa na taarifa za wagonjwa.

Kwenye klaudi huwezi kuigusa diski kwa hiyo silaha yako ni ufunguo. Futa seva, futa diski zake, futa picha zake za kunakili, angalia kama hifadhi ya mafaili inatunza matoleo ya nyuma maana ukifuta faili kwenye hifadhi ya namna hiyo linafichwa tu, matoleo yote bado yapo na bado unalipia. Angalia mikoa mingine ya klaudi, watu wanaweka nakala mbali wanasahau. Mwisho futa ufunguo wa kusimba. Kwa AWS, klaudi ya Amazon, ufunguo haufutiki papo hapo, kuna siku 7 mpaka 30 za kusubiri, na hakikisha hakuna mfumo mwingine unaotumia ufunguo huo huo, maana baada ya hapo hata wao hawawezi kukusaidia.

Kama mfumo ulikuwa wa kukodi kwa kampuni nyingine, toa data zako kabla hujasitisha mkataba na sio baada, wengi wanafunga mlango siku ile ile. Kisha waandikie wafute, wataje na bakapu zao zitaisha lini, na wajibu kwa barua.

Hatua ya 8: Pata ushahidi

Kila diski iwe na mstari wake: namba yake ya kiwandani (serial number), ilitoka seva gani, ilifutwa kwa njia gani, na nani, lini, nani alihakiki. Anayefuta na anayehakiki wawe watu wawili tofauti. Ukitumia kampuni ya kusaga iwe inayofanya kazi hiyo hiyo, nenda ukashuhudie, hesabu diski zinapopakiwa na uzihesabu tena zinaposhushwa, cheti chao kiwe na namba za diski sio uzito wa mzigo.

Sababu ya ukali huu ni Morgan Stanley, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani. Walifunga vituo vyao vya data, kazi ya kuondoa vifaa wakampa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kuharibu data, vifaa vikauzwa, vingine vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja ndani. Walipigwa faini ya dola milioni 60 mwaka 2020 na nyingine milioni 35 mwaka 2022, wateja waliohusika ni kama milioni 15. Na kwenye zoezi lao lingine waligundua seva 42 hazijulikani zilipo. Orodha yenye namba za diski ingeonyesha pengo siku ile ile mzigo ulipopungua.

Hatua ya 9: Arkaivu nayo ipewe tarehe yake

Ile data uliyoitunza hatua ya nne sio ya milele. Kila fungu lina miaka yake mliyoandika na mwanasheria. Weka tarehe ya kufuta kila fungu kwenye kalenda ya ofisi, sio kichwani mwa mtu, na mbele yake andika cheo cha mhusika na sio jina, kwa sababu watu wanaondoka. Mara moja kwa mwaka fungua faili moja moja uone kama bado yanasomeka na alama za SHA-256 zinalingana. Tarehe ya fungu ikifika, muulize tena mwanasheria kama kuna kesi, akisema hakuna rudi hatua ya saba na uanze na bakapu za hiyo arkaivu.